Mkalimani wa Chumba cha Kuzalia

Mtu akiniambia kwamba uuguzi ulimshinda rafiki yangu, damu hunichemka mpaka leo. Haukumshinda. Darasani alituacha mbali sana. Kilichomwangusha ni kwamba alijua Kimaa, lugha ya Wamaasai.

Tulikuwa wanafunzi katika hospitali moja ya Kajiado, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilitoka Kitengela, kwenye nyumba za kupanga, mtoto wa watu wa magharibi mwa Kenya waliofuata kazi ya mshahara. Kimaa changu kiliishia kwenye salamu. Yeye kwao ni upande wa Kimana, na katika darasa letu hakuna mwingine aliyekua akiizungumza lugha hiyo. Akina mama wengi waliokuja kujifungua hawakusikia nyingine.

Kuzalisha tulifundishwa kwa kuzalisha. Kila mwanafunzi alitakiwa kupokea watoto kwa mikono yake mwenyewe, sista wa wodi akiwa ubavuni. Kuna mambo ambayo mikono hujifunza yenyewe: kuzuia kichwa kisitoke kwa pupa, kupapasa shingo kujua kama kamba ya kitovu imemzunguka mtoto. Ukiyasoma kitabuni unafaulu mtihani wa kuandika tu.

Sasa rafiki yangu alikuwa akivaa glavu tu, mlango unafunguliwa.

"Wewe, hebu kuja hapa. Niko na mama hasikii kitu yoyote namwambia."

"Sista, huyu wangu amekaribia sana."

"Mwenzako atamalizia. Kuja haraka."

Anavua glavu, anaenda. Mimi mwenzake namalizia. Na mama wa Kimaasai akiwa wangu, ndiye aliyeitwa kunisaidia. Alisimama kichwani pa kitanda, mkono begani mwa mgonjwa, akimwita "Yieyo" kama anavyomwita mama yake mzazi, akimwambia polepole apumue, angoje, sasa asukume. Mimi nikiwa kule miguuni nilikuwa najifunza kazi.

Masista walimpenda kupita kiasi. Walimmiminia chai kwenye chumba chao, wakamsifu mbele yetu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza huyu mtoto wa watu anajifunza saa ngapi. Siku moja nilimwambia akatae. Alinicheka.

"Nikatae aje? Mama ako na uchungu na hakuna mtu anamsikia."

Alikuwa na haki. Masista nao walikuwa na haki, wachache vile na wodi imefurika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba nikitafuta mtu wa kumlaumu simpati.

Siku ya mtihani tuliingia wawili: mmoja azalishe, mwingine angoje zamu yake ukutani bila kufungua mdomo. Yeye alitangulia. Alipewa mama wa Kikamba, muuza nyanya, aliyezungumza Kiswahili bila shida yoyote. Nilishukuru kimoyomoyo, nikijua leo hakuna atakayemhitaji kwa lugha.

Mtahini akamwambia aanze. Rafiki yangu alinawa, akavaa glavu vizuri kabisa. Kisha akaipita trei ya vifaa, akaipita miguu ya mama, akaenda kusimama kichwani pa kitanda na kumshika bega.

Mwanzoni nilidhani anamsalimia. Halafu nikaona haondoki. Miguu yake ilikuwa imempeleka mahali pake pa kila siku. Alikuwa akimtuliza mama kwa maneno matamu, mama akimwitikia, na kule chini kichwa cha mtoto kilikuwa kinatoka na hapakuwa na mtu.

Mtahini ndiye aliyekimbia kumpokea mtoto.

"Ni nani anazalisha hapa?" aliuliza. Rafiki yangu alitazama mikono yake yenye glavu safi.

Alipewa nafasi ya pili baada ya majuma machache. Katika majuma hayo wodi iliendelea kumwita kama kawaida, maana akina mama hawakuacha kuja. Mara ya pili alisimama mahali panapofaa, lakini mikono ikachelewa kukizuia kichwa, mama akachanika vibaya, na shule ikamwambia aende nyumbani.

Nilimsindikiza asubuhi. Alikuwa amevaa nguo za safari badala ya sare, sanduku lake la bati tumelishika huku na huku. Hatujafika langoni, mhudumu akatukimbilia akihema.

"Dada, tafadhali. Kuna mama ameletwa, anapiga kelele na hatumwelewi."

Nilitaka kumtukana. Nilisema, "Huyu si mwanafunzi wenu tena!" Rafiki yangu aliuweka chini upande wake wa sanduku, akaingia ndani na nguo zake za safari.

Nilikaa juu ya sanduku nikilia kwa hasira. Alipotoka jua lilikuwa limeshaanza kuchoma, na kitambaa chake kichwani kimeloa jasho.

"Ni msichana," alisema. "Mama ako sawa."

"Nani amezalisha?"

"Yule mfupi wa mwaka wa kwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza." Akainama kushika sanduku. "Ako na mikono mzuri. Nilikuwa namwangalia nikiwa pale kichwani pa kitanda."