Boriti ya Mwisho ya Jumba la Kestrup

Signe Tveit aliendesha lifti ya Jumba la Kestrup tangu akiwa msichana hadi mvi zilipomtawala. Mimi nilikuwa na kibanda cha sigara pale chini, na wajinga wa maofisini walizoea kumuuliza mbele yangu mbona haolewi. Aliwajibu kwamba hawezi kumwacha baba yake peke yake huko juu.

Baba huyo, Anders, alikuwa fundi wa vyuma. Alianguka jumba likiwa bado mifupa mitupu, jumba ambalo Minneapolis nzima ilikuja kulikodolea macho kwa urefu wake. Alizikwa kwenye makaburi ya maskini, na makaburi yale baadaye yakasawazishwa kupisha reli. Lakini mafundi wa vyuma wana desturi yao: boriti ya mwisho ya chuma, ile ya kileleni, kabla haijapandishwa, huiandika majina yao kwa rangi. Mama yake alimwambia Signe kwamba jina la baba limo. Signe akaishi kwa neno hilo.

Mwaka 1961 jumba likahukumiwa kubomolewa. Limechakaa, wakasema, na pale panafaa maegesho ya magari. Maegesho! Mimi nilichemka, ila Signe hakulilia jumba. Alimwendea Tollefson, msimamizi wa wabomoaji, akamsihi ampe ile boriti. Tollefson, mtoto wa fundi wa vyuma naye, akakubali. Tukawa tunashinda kwenye baridi tukiingoja, tukila vumbi, Signe ameshika kikombe cha kahawa asiyoinywa.

Siku boriti iliposhushwa, wabomoaji walibandua vigae vya kukinga moto vilivyoifunika, na majina yakatokea meupe kabisa. Signe akapiga magoti, akayasoma kwa kidole. Akarudia tena.

"Hayumo," akasema.

Tollefson akavua kofia. "Mama, alianguka kabla hii haijapanda?"

"Kabla. Wiki chache tu."

"Basi hawakumwandika. Wazee wetu walikuwa hawaandiki aliyeanguka, waliogopa atawavuta wengine. Nisamehe mama, ningejua ningekwambia mapema."

Nilimlaani mama yake Signe kimoyomoyo, ingawa sijui mimi ningemwambia nini mtoto yule. Tollefson alimuuliza Signe kama bado anaitaka boriti. Akatikisa kichwa kukataa. Kreni ikaiweka kwenye lori la vyuma chakavu, lori likaondoka.

Akanigeukia.

"Emil, sasa baba nimfuate wapi?"