Kimchi ya Diwani Tak

Walimvua Tak Bun-rye udiwani kwa sababu ya kimchi. Hakula rushwa, wala hakumpa ndugu yake kandarasi ya barabara. Aligawa kabichi zilizokolezwa chumvi na pilipili, kama alivyofanya kila Novemba tangu aolewe kijijini Hwasan, na mahakama ikamtangaza kuwa amehonga wapiga kura.

Aliingia baraza la wilaya mwaka 2014, mjane wa mkulima wa vitunguu saumu, asiye na chama, kwa ahadi moja tu: zahanati ya Hwasan haitafungwa. Mara mbili mwenyekiti wa baraza, Pyo Gi-taek, alileta hoja ya kuifunga, na mara mbili Bun-rye aliiangusha.

Novemba ya mwaka uliofuata wanawake wa kijiji walijaa uani kwake kutengeneza kimchi kama kawaida, mikono myekundu hadi viwikoni, nyama ya nguruwe ikitokota pembeni.

"Mheshimiwa, mkono wako siku hizi mzito wa pilipili," jirani yake, Bibi Mal-nyeo, alimtania. "Ndiyo mambo ya siasa hayo?"

"Wewe kula, bibi. Ukiungua, zahanati ipo."

Kila mmoja aliondoka na ndoo yake, na nyingine zikapelekwa kwa vikongwe wasioweza tena kuinama. Mtu alipiga picha. Sheria inamkataza diwani kumpa mpiga kura wake chochote, na haiulizi alianza kumpa lini. Picha zilipelekwa kwa mwendesha mashtaka na Pyo mwenyewe, ambaye mkewe alishinda uani pale akipaka pilipili, na ambaye ndoo yake ilikuwa bado jikoni.

"Shangazi, sema tu unajuta," wakili wake kijana alimsihi. "Sema ulitaka kura, hutarudia. Hakimu atapunguza faini, na kiti utabaki nacho."

"Na Bibi Mal-nyeo nimwambie nini? Kwamba miaka yote hiyo nilikuwa namnunua?"

"Atakuelewa."

"Labda yeye. Mimi sitajielewa."

Siku ya hukumu hakimu alimuuliza kama anajuta.

"Najuta chumvi, mheshimiwa. Mwaka ule ilizidi. Kugawa sijuti."

Faini ikavuka kiwango kinachomng'oa diwani. Kiti kikaenda, na kwa miaka mitano alizuiwa kugombea na hata kupiga kura. Hoja ya Pyo ikapita bila mpinzani, na zahanati ikafungwa kwa mnyororo. Hayo ndiyo yaliyoitwa usafi wa uchaguzi.

Novemba ilipofika, Bun-rye hakuwa tena diwani wala mgombea, kwa hiyo sheria haikuwa na la kumwambia. Aligawa uani, akagawa njiani, kisha akabeba ndoo kubwa kuliko zote, mchana kweupe, hadi langoni kwa Pyo. Majirani waliacha kazi wakatazama.

"Dada, hii ya nini?" Pyo aliuliza, mikono ikiwa mfukoni.

"Ya kula. Safari hii si kosa. Ile nyingine uliimaliza?"

Mkewe alitoka, akainamisha kichwa, akaipokea ndoo kwa mikono miwili.

Tarehe 1 Juni 2022, marufuku ikiwa imekwisha, jina la Tak Bun-rye lilikuwa tena kwenye karatasi ya kura ya udiwani, na ahadi yake ilikuwa ileile moja.