Siku Seva Ilipobadilisha Anwani

Mvua za Kyela ziliponikuta mara ya kwanza, maji yaliingia mpaka chumba cha kompyuta cha kituo cha afya nilikopangiwa kazi ya kutunza kompyuta. Ilikuwa Jumapili, mimi sikuwepo. Aliyekuwepo ni mama wa usafi, mjane kutoka Mwaya. Aliichomoa seva, kompyuta kuu inayohifadhi mafaili yote, iliyokuwa sakafuni, akaipandisha juu ya meza peke yake, na maji yalipopungua akarudishia nyaya zote kama alivyozikuta.

Jumatatu asubuhi hakuna kompyuta iliyoweza kufungua faili la mgonjwa hata mmoja. Foleni ikafika nje. Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai, na kwa mtu aliyezoea ukavu wa Singida, tope lile pekee lilitosha kunichefua. Nilimkuta mama anapiga deki mapokezini, nikamfokea mbele ya wauguzi na wagonjwa: "Nani alikutuma uguse mitambo? Umetuharibia kazi!"

Akainama, akaendelea kupiga deki. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alisikia, akaniagiza niandike taarifa ya tukio. Mkataba wa yule mama ulikuwa unaisha mwezi uleule, na taarifa yangu ndiyo ingeamua kama ataongezewa.

Seva yenyewe niliikuta nzima. Kila mashine kwenye mtandao ina anwani, namba ambayo mashine nyingine huitumia kuitafuta, na yetu ilikuwa imepata mpya. Kompyuta za mapokezi, maabara na dirisha la dawa zilikuwa bado zinabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nikapita moja baada ya nyingine nikiandika namba mpya. Mchana kazi ikaendelea, nami nikaanza taarifa kwa kujiamini kabisa: chanzo ni mhudumu wa usafi.

Kesho yake umeme ulikatika. Uliporudi, anwani ilikuwa imebadilika tena, na safari hii mama hakuwa amegusa kitu.

Hapo nikakaa chini, nikafungua mipangilio ya seva, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimefunga ruta mpya, kifaa kinachounganisha kompyuta zote na kuzigawia anwani. Seva nilitakiwa kuipa anwani ya kudumu, lakini niliiacha ipokee yoyote itakayogawiwa na ruta kila inapowashwa. Tangu siku hiyo mpaka mafuriko yale haikuwahi kuzimwa, ndiyo maana uzembe wangu haukuonekana. Kurekebisha kulinichukua dakika tano. Niliona aibu hata kutoka mle chumbani.

Nikaifuta taarifa, nikaandika upya kwamba kosa ni langu. Mganga mfawidhi aliisoma, akanitazama, akasaini mkataba wa mama. Kisha nikamfuata mama mwenyewe nyuma ya jengo alikokuwa anakamua matambara, nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia, mwanangu. Lakini siku ile ulinifokea wapi?"

"Mapokezini, mama."

"Sasa mbona huku tuko wawili tu?"

Akabeba ndoo yake, akatangulia mapokezini. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Nikasimama katikati, nikasema kwamba nilimsingizia, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba bila yeye mafaili ya watu wote yangekwenda na maji. Wauguzi waliacha kuandika.

Mama alikuwa ameinama, ameshaanza kupiga deki. "Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa bila kuinua kichwa, kisha akaniambia nisogee, nimesimama alipokwisha kufuta.