Ngumi Yangu Ilipokuwa Kipimo cha Wavu

Sisi tuliokulia ufuoni mwa Ziwa Edward ile miaka ya elfu mbili na kumi, kabla kila mtoto hajapewa simu ya kuchezea, tulikuwa na kazi ambazo watoto wa leo wakiambiwa watakimbilia kushtaki. Kazi yangu mimi ilikuwa ngumi. Baba akinunua wavu mpya aliutandaza uani na kuita, "Masika! Leta ngumi!" Nilikuja mbio, mikono ina unga wa muhogo, nikaipitisha ngumi kwenye jicho la wavu. Ikipita vizuri, wavu unafaa. Ikikwama, wavu ulirudi dukani siku hiyo hiyo, na Baba alimwambia muuzaji wazi kwamba anauza mitego ya kuvulia watoto wachanga.

Thembo, aliyevuta kasia na Baba katika mtumbwi mmoja tangu kabla sijazaliwa, alikuwa akisimama pembeni akicheka. "Huyu mutoto iko na mukono ya serikali," alisema. Nami nilivimba kichwa kama mwalimu mkuu.

Mambo yalikuwa na mpaka enzi hizo. Kila mtumbwi ulikuwa na nambari ya rangi nyeupe ubavuni, na idadi ya mitumbwi ya kijiji ilijulikana. Asiye na nambari haingii majini, basi. Ngege, yule samaki wetu wa kula na ugali wa bundu na mboga ya sombe, huwalea watoto wake mdomoni, na Mama akimkuta wa namna hiyo ufuoni, bado anapumua, alikimbia kumtikisa majini mpaka vitoto vyote vitoke. Ndipo anamrudisha kwenye karai. Tulikuwa tunaacha kucheza kwepena kwenda kutazama vile vitoto vikitawanyika kwenye miguu yake. Shule tulikwenda tukichungulia kwanza kama kiboko amelala njiani. Akiwepo, tunachelewa, na mwalimu anatuchapa palepale, maana alisema kiboko yeye humwoni anachelewa.

Upande wa pili wa ufuo kulikuwa na ghuba ya matete, ngege walikozalia. Hakuna aliyetega kule. Ilisemwa kwamba mvuvi mmoja mlafi alizama katika ghuba ile, na asubuhi za ukungu hupiga maji kwa fimbo akiwaita samaki, nao hawamwitikii. Baba mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Tulikuwa tukila, na alikuwa akigonga meza polepole, pu, pu, pu, mpaka mdogo wangu akaangua kilio na Mama akasema, "Wewe baba, unatishia watoto chakula!"

Kisha ukaja mwaka ambao ufuo ulibadilika. Mitumbwi isiyo na nambari ilianza kutokea kwenye ukungu, watu ambao hatukuwajua, hawasalimii. Nyavu zao zilikuwa laini kama chandarua. Karoli, wale korongo wenye upara waliosimama tangu zamani penye mizani ya samaki wakingoja matumbo, waliondoka mmoja mmoja. Asubuhi moja hakubaki hata mmoja, na hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Siku nyingine Mama alimshika ngege asiyezidi kiganja changu, akambana shavu, vikatoka vitoto. "Huyu ni mtoto," alisema, "na ameshazaa." Hakumpika. Alikwenda kumzika nyuma ya jiko, na mimi sikuwahi kumwona mtu akizika samaki.

Sufuria yetu ilikuwa inashinda imepinduliwa, hakuna cha kupika. Nilimsikia Baba akimwambia Thembo uani, "Nisipovua mimi, atavua asiyejulikana kwao." Thembo akajibu, "Hata kama, ndugu yangu. Ile ghuba hapana." Mimi nilikuwa natwanga, sikutia maanani.

Wiki hiyo Baba alirudi kutoka mjini Bwera na gunia limeshonwa mdomo. Nilinawa mikono nikamfuata na ngumi yangu tayari. Hakunitazama. "Umekua, Masika," alisema. "Ngumi yako imekuwa kubwa, haipimi tena." Jamani, nilifurahi! Nilikwenda kuwatangazia wenzangu kwamba mimi sasa ni mtu mzima.

Rafiki yangu wa kuchota maji alikuwa Akello, binti wa afande mmoja aliyetoka kaskazini, nao walikaa kambi ya polisi juu ya kijiji. Asubuhi moja ya ukungu mzito tulishuka na madumu yetu. Hata dumu mkononi mwangu sikuliona vizuri. Tukasikia kutoka ghubani: pu. Kimya. Pu. Kimya. Vyura walikuwa wamenyamaza, ndege wamenyamaza, maji yenyewe hayakupiga ufuo. Akello alinishika kanga. Pu. Halafu yule anayepiga maji akakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Nilikuwa nakisikia kila alfajiri nyuma ya pazia la chumba chetu, mara mbili fupi na moja ndefu. Mtu mzima angeelewa papo hapo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilielewa jambo moja tu: mzimu umemkamata Baba, umechukua kifua chake, unakohoa nacho ndani ya maji. Nilitupa dumu nikakimbia, si nyumbani, bali kwa mtu pekee niliyejua ana bunduki.

Afande alikuwa anapiga mswaki mlangoni. Nilishindwa kusema, nalia tu. "Wewe toto, wacha kulia! Simama wima! Sauti iko wapi?" Sikulitaja jina la mtu. Nilinyoosha kidole kuelekea ghubani nikasema, "Afande, maji yanapigwa kule. Muokoe."

Askari hawakuenda siku hiyo; Baba alirudi mzima, nikadhani mzimu umemwachia. Walingoja ukungu mwingine, siku mbili baadaye, na asubuhi hiyo Thembo alibaki nyumbani, akisema mgongo unamuuma. Kulipopambazuka vizuri tuliona boti ya askari ikirudi, nyuma yake inavuta mtumbwi, na ubavuni mwa mtumbwi nambari yetu. Baba alikaa ndani yake na fimbo ya kupigia maji, ile ya kuwafukuzia samaki wavuni, magotini. Walizitandaza zile nyavu mchangani mbele ya watu wote. Nilisogea nikajaribu. Hata kidole gumba hakikupita. Wakaziweka juu ya mtumbwi, wakamwaga petroli, na moto ule uliwaka bila kelele, moshi ukalala juu ya maji wala haukutaka kupanda.

Baba aliwatazama watu mmoja mmoja. Thembo alipofika, anachechemea, Baba alitema mate chini. Nani mwingine aliijua siku? Nani mwingine alikuwa amebaki nyumbani?

Tulihamia Kyarumba, kwa ndugu za Mama, kulima maharage na kahawa kwenye mteremko. Mwaka wa kwanza Thembo alipanda mlima kwa miguu, samaki wakavu kichwani, akasimama nje ya mlango. "Mimi sikusema, ndugu yangu." Baba akajibu kutoka ndani, "Basi maji ndiyo yalisema." Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, namenya muhogo. Nikaendelea kumenya.

Mwezi uliopita tumemzika Thembo. Baba alikataa kwenda. Nilikwenda mimi, nikatupa udongo wangu, kisha nikapita ghubani. Ukungu ulikuwepo, na ndani yake hakuna kilichogonga wala kukohoa. Vijana walikuwa wamekaa pale pale kwenye matete wakijipiga picha, midomo mbele kama ngege. Niliwauliza kama hawaogopi mzimu. "Mzimu gani, anti?" Enzi zetu tuliiogopa ghuba hii, nayo ikatulisha. Leo hakuna anayeiogopa, na mimi niliogopa ule ukimya kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote nikiwa mtoto.

Wala sijutii zile nyavu kuungua. Zilistahili, na Baba alilijua hilo kabla ya mtu yeyote, ndiyo maana alilishona gunia. Nijutie nini basi? Kwamba mtu mwema ameshuka kaburini na jina nililompa mimi kwa kunyamaza.

Jumapili Baba atasomewa maandishi haya na mjukuu wake, maana macho yake hayaoni tena herufi. Baba, Thembo hakusema. Ni mimi. Nilidhani nakuokoa.