Skrubu ya Dada, Pengo Langu

Dada yangu alivunjwa jino la mbele na geti. Geti lenyewe lilikuwa kazi ya baba, fundi wa mageti Kizota, kwa hiyo siku hiyohiyo dada akafikishwa kwa daktari wa meno. Mzizi ukang'olewa na skrubu yenye jino la bandia ikatiwa kwenye tundu lilelile, damu haijakauka. Mimi nilipong'olewa langu kidato cha kwanza, baada ya kufungulia soda kwa meno, nilipewa pamba na kofi.

Basi nyumba ikawa ya dada. Uji wake una maziwa na siagi. Vyombo asiguse, mama anasema eti "mfupa unashika skrubu." Sasa mfupa wa taya na masufuria wapi na wapi? Hata bibi, aliyeniita "mume wangu" kwa sababu na yeye ana pengo, la chini, alilotolewa makusudi usichanani kwa mila ya Kigogo, akahamia upande wa dada.

Miezi ilipopita dada akaenda kupigwa picha ya taya. Baba na mama wakaenda naye, na mimi nikajifanya msindikizaji. Daktari akatuonyesha: mfupa wa upande wa nje, wa mdomo, umepungua.

"Umepungua?" nikauliza kwa furaha. Mama akanifinya.

"Jino likitoka lazima upungue, kijana. Skrubu haizuii hilo. Ila uliobaki umeishika vizuri."

"Bila plagi ya plastiki, kama ya skrubu ya ukutani?" baba akashangaa.

"Mfupa ndiyo plagi, mzee."

Nikaona ni sasa au basi. "Dokta, shikamoo tena. Na mimi niwekee." Nikaachama. Akabonyeza ufizi wangu, akabonyeza tena.

"Hapa mfupa umebaki ukingo mwembamba. Pengo limekaa muda mrefu mno. Kwanza tukuongezee mfupa, ndipo tuweke skrubu."

"Nikatie wa dada, anajidai nao."

"Tutaona," mama akasema. Tutaona ya mama naijua. Ni hapana iliyovaa kanga.

Jioni bibi alikaanga karanga. Dada alikuwa bado amekatazwa vitu vigumu, bakuli lote likaja kwangu. "Kula, mume wangu." Nikakaa karibu na sikio la dada, nikatafuna kwa kelele. Akaniangalia kwa wivu, wivu wa kweli jamani, nikasikia raha mpaka kisiginoni.

Kisha karanga moja ikaingia pengoni, ikagoma kutoka. Nikahangaika nayo kwa ulimi, macho yakanitoka.

Dada akainuka, akaniletea kijiti cha kuchokolea meno. Alitabasamu kwa meno yote.