Namba ya Mfereji wa Mlola

Harufu ya vumbi linapoguswa na maji ya kwanza hunirudisha Mlola, hata nikiwa nimesimama darasani na chaki mkononi. Kwenye mfereji wetu harufu ndiyo iliyotangulia, maji yakafuata.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na Fuso za wanunuzi wa Dar zilianza kupanda hadi kwetu kufuata kabichi. Basi kila mtu akalima kabichi, na mfereji ni ule ule mmoja, nyumba sita. Watu waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kununiana. Mwishowe wakamkabidhi baba yangu zamu za maji, kwa kuwa hakuwa na makuu.

Baba akaja na namba: 142857. Kila nyumba ikapewa tarakimu yake. Yetu ilikuwa moja. Siku ya kwanza maji yalifuata namba ilivyo: nyumba ya moja kwanza, kisha ya nne, hadi ya saba. Siku ya pili unaizidisha kwa mbili, unapata 285714: tarakimu zile zile, zinafuatana vile vile, ila anayeanza ni mwingine. Kwa tatu, 428571. Ukifika sita, kila nyumba imeshaanza mara moja. Jamani, niliipenda namba ile! Nilikuwa na miaka kumi, na kila asubuhi mimi ndiye niliyezidisha kwa mkaa nyuma ya mlango, kisha nikazunguka kuwatangazia majirani.

Siku ya saba baba alidamkia msibani Lukozi. Nikazidisha kwa saba, nikapata 999999. Nikarudia mara tatu. Tisa tupu, na hakuna nyumba yenye tisa. Nikajua nimeboronga. Kwa kuogopa kuchekwa nikafuta, nikaandika 142857, nikatangaza kwamba tunaanza sisi.

Alasiri Mama Zaina, jirani yetu wa chini, alikuja akasimama uani, kiti akakikataa. Alisema kumbe hata mgawa zamu ana tumbo.

Baba aliporudi nilimweleza huku nalia. Hakunipiga.

"Hesabu hukukosea," alisema. "Tisa zote maana yake wote sawa. Leo kila nyumba ilitakiwa ifungue kidogo, kwa pamoja. Kosa langu sikukuambia. Kosa lako ulificha."

Akanishika mkono tukapita nyumba zote tano. Kila mlango nilitoa shikamoo, nikasema mwenyewe nilichofanya. Kesho yake, siku yetu ya kuanza, zamu hiyo akampa Mama Zaina. Kabichi zetu za pembeni zilisinyaa, na nasema kweli, wiki ile nilimchukia baba.

Miaka mingi baadaye, chuo cha ualimu, mkufunzi alitutaka tugawanye moja kwa saba. Nikaandika sifuri, nukta, kisha 142857, kisha tena 142857, na kila mara kikabaki kitu cha kugawanya. Baba, mtu wa darasa la nne, hakuiokota namba ile njiani. Alikuwa amekaa akigawanya mfereji mmoja kwa siku saba.

Leo wanafunzi wangu huniuliza hesabu hiyo inaishia wapi. Siwajibu upesi. Namwona baba akitoka uani kwetu na jembe begani, anapita kabichi zetu zinazosinyaa, anakwenda kumfungulia Mama Zaina maji.