Mama mkwe na barafu ya Mwende

Watu wangu, leo nimepata barafu ya mtoto wangu ikitokota kwa jiko!

Mwende ana vidonda mdomoni. Siku tatu hali, analia tu. Kitu pekee anakubali ni malenge niliyosaga na maziwa na mdalasini, nikagandisha kwa vikombe. Jana alimaliza kikombe kizima akalala. Nililia kwa furaha.

Leo nimeenda kuchota maji, nikamwachia susu yake, mama mkwe wangu.

Kurudi, vikombe vimemwagwa kwa sufuria, mvuke unapanda, mtoto anapiga nduru.

"Mama, umefanya nini?"

"Barafu itampa nimonia. Nyinyi wasichana wa siku hizi mtamaliza watoto."

Nimembeba Mwende. Halafu nikaona susu ameshika kikombe cha mwisho, ananyonya.

"Na hiyo?"

"Hii ni ya jino langu. Linauma, na baridi inatuliza."

Jamani!

Nikamwambia kwa heshima, "Mama, hata Mwende anaumwa mdomo."

Akaweka kikombe chini, akaenda kuniletea malenge.

Sasa nakata malenge ingine, na yeye ndiye anatoa mbegu. Bado sijamwongelesha. Nyinyi mngefanya nini? Msiniambie eti ni mzee.